Flashi Ina Nafasi, Ila Wewe Hupandi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilistaafishwa. Kompyuta yangu haina ile chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, kwa hiyo basi likaondoka, yenyewe ikabaki stendi.

"Mjomba, weka Ubuntu, ni bure," akasema mpwa wangu anayesomea mambo hayo. "Ila nikiiweka inafuta kila kitu, kwa hiyo tuhamishe mafaili yako kwanza. Nusu saa tu."

Kijana akikwambia nusu saa ya kompyuta, chinja kuku kabisa, huyo atalala kwako.

Nikachukua flashi iliyokuwa kwenye kikombe juu ya friji. Nikaanza na barua: "BARUA", "BARUA MPYA", "BARUA MPYA HALISI" na "BARUA MPYA HALISI usifute". Nikazifungua zote nne. Ni barua moja ileile, ya kuomba likizo mwaka 2017, na likizo yenyewe nilinyimwa. Nikazihamisha zote, maana imeandikwa usifute.

Kisha video ya harusi ya dada, gigabaiti 5 na ushee. Flashi ya gigabaiti 32, tupu 20. Hesabu ya darasa la pili. Kompyuta ikagoma: faili kubwa mno!

Mpwa akacheka. Kumbe flashi ilifomatiwa kwa FAT32, utaratibu wa mwaka 1996, usiopokea faili moja linalozidi gigabaiti 4 hata kama ndani kunapigwa mwangwi. Ni daladala ile: siti zipo, ila konda kaliona gunia lako.

"Dawa yake tuifomati upya, exFAT. Vyako tutavihamisha tena. Kuna kingine cha maana humu?"

Nikachungulia. Kuna folda moja tu nisiyoijua, inaitwa "Folda Mpya". Nikajibu kifua mbele: hakuna.

Video ikapanda. Ubuntu ikaingia, na kusema kweli inakwenda vizuri. Kompyuta imeacha kuvuma kama mashine ya kusaga. Barua ya likizo tu ndiyo imekosa fonti yake, ikamwagika hadi ukurasa wa pili, ambako sahihi yangu imesimama peke yake kama mtoto aliyechelewa shule.

Jioni mama watoto akaingia jikoni. Nikasikia kikombe kinainuliwa, kinageuzwa, kinatikiswa.

"Baba, flashi yangu iko wapi? Ile yenye hesabu za kikoba."

Mke wangu ni mweka hazina. Hesabu anaziweka kwenye Folda Mpya.

Mpwa amekesha na programu ya kufufua mafaili. Haikufua dafu: walipokuwa wamekaa wanachama, sasa amekaa MC wa harusi, anaomba vigelegele.

Kikao ni Jumapili saa nane. Mwenye risiti aje nayo. Na wewe mwenye mkopo, uje pia, tafadhali. Hujasamehewa.