Fomu Itawazwe Mkuu wa Ukoo: Barua ya Wazi kwa Washington

Idara ya Kazi ya Marekani,
200 Constitution Avenue,
Washington, D.C.

YAH: MAOMBI YA KUITAWAZA FOMU YA MNUFAIKA KUWA MKUU WA UKOO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waswahili waliohamia Marekani wanawatumia salamu na pongezi. Huko walikotoka, mtu akifa na kuacha akiba, kazi huwa ndiyo kwanza inaanza. Matanga yakianuliwa, ukoo huketi. Baba mdogo hukohoa kabla ya kusema, shangazi hutaja ahadi aliyopewa kwa simu, na mtoto ambaye hakuna aliyemjua hujitokeza akiwa na picha. Tanzania, anayetaka kusimamia mirathi kupitia Mahakama ya Mwanzo hufika na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi. Watu hubishana, hununiana, wengine huondoka kabla ya chai. Nyinyi usumbufu huo wote mmeumaliza kwa ukurasa mmoja.

Na ukurasa wenyewe hujazwa katika saa ambayo mtu hana habari kabisa na kifo. Ni siku za kwanza kazini, katikati ya fomu ya kodi, fomu ya bima ya meno na maelezo ya mlango wa dharura. Kijana kutoka Bukavu aliyeajiriwa kwenye kiwanda cha nyama, au muuguzi kutoka Kisumu aliyepata zamu za usiku Dallas, anaulizwa: ukifa, akiba yako ya uzeeni, ile ya 401(k), apewe nani? Anaandika jina analolipenda asubuhi hiyo, anatia saini, kisha anaonyeshwa kabati la kutundika koti. Tangu hapo karatasi ndiyo itakayomsemea, hata miaka mingi baadaye.

Miaka mingi si kutia chumvi. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya DuPont alimwandika mkewe kuwa mnufaika wa akiba yake mwaka 1974. Mwaka 1994 wakaachana, na hati ya talaka ikasema wazi kwamba mke hana tena haki yoyote katika mafao ya mumewe. Mzee akabadilisha fomu ya pensheni yake nyingine na kumwandika binti yake, lakini fomu ya mfuko wa akiba hakuigusa. Alipofariki mwaka 2001, DuPont ikafungua faili, ikasoma jina la mwaka 1974 na kumlipa mtalaka dola 402,000 hivi. Binti, aliyesimamia mali ya marehemu, akaenda mahakamani. Januari 2009 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakakubaliana kwamba kampuni haikukosea. Jaji David Souter aliandika hukumu: msimamizi wa mfuko afuate nyaraka za mfuko. Hati ya talaka ilikuwa na mhuri wa mahakama, ila haikuwa fomu.

Kabla ya kukabidhi joho la uchifu, ni haki kuitaja nasaba ya mtawazwa. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza pensheni yao yote au sehemu kubwa yake. Kilio hicho kilichangia kuzaliwa kwa sheria ya ERISA, ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini Septemba 2, 1974, ili akiba ya mfanyakazi isiliwe. Lengo lilikuwa jema, na fedha za mzee wa DuPont kweli hazikuliwa. Zilitunzwa vizuri, zikakua, zikafika salama kwa mtu ambaye mahakama ya talaka ilikwisha kumtoa.

Jimbo la Washington lilijaribu kuingiza busara kidogo. Sheria yake ilisema talaka inamfuta mtalaka kwenye fomu yenyewe kwa yenyewe. Mfanyakazi wa Boeing aliachana na mkewe Aprili 1994, akafa Julai mwaka huohuo baada ya ajali ya gari, kabla hajabadilisha karatasi. Watoto wake wa ndoa ya kwanza waliitegemea sheria hiyo ya jimbo. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ikaamua kwamba ERISA ni sheria ya nchi nzima na jimbo haliwezi kuiingilia.

Hata asiyeoa hasalimiki. Mfanyakazi wa Procter & Gamble alimwandika mpenzi wake kwa mkono mwaka 1987. Mwaka 1989 wakaachana na kila mmoja akashika njia yake. Mwanamume alifariki mwaka 2015 akiacha zaidi ya dola 750,000, bila mke wala mtoto. Ndugu zake wakalalamika, na mwaka 2024 jaji wa shirikisho huko Pennsylvania akakubaliana na mwandiko wa 1987. Uchumba wenyewe ulikuwa umekufa miaka 26 kabla ya mwenye akiba.

Jambo linalowashangaza zaidi Waswahili ni kwamba mkuu huyu wa ukoo ana kitu kimoja anachokiogopa, nacho ni harusi. Yule muuguzi wa Kisumu alimwandika mama yake. Akiolewa, mume ndiye anayekuwa na haki ya akiba ya 401(k) (baadhi ya mifuko husubiri ndoa itimize mwaka), na jina la mama linabaki pambo tu, isipokuwa mume akubali kwa maandishi mbele ya notari au mwakilishi wa mfuko. Basi ndoa inaifuta fomu bila mtu kushika kalamu, lakini talaka iliyosainiwa na jaji haifuti hata nukta. Mantiki hiyo ingeletwa kwenye kikao cha ukoo kule Tanga, mletaji angeombwa akapumzike kwanza.

Mwislamu kutoka Mombasa anayeishi Minneapolis naye ana lake. Anajua kwamba mke wa mwanamume aliyeacha watoto hupata thumni, na kilichobaki kina wenyewe. Anaandika wosia safi kwa kufuata hesabu hiyo. Wosia hauihusu 401(k) hata kidogo: mke akiwa hajasaini kuachia, akiba yote ni yake. Na baba anayedhani amemaliza kwa kumwandika mtoto wa miaka sita, amewaachia warithi kesi ya kutafuta mlezi wa fedha mahakamani.

Kwa hayo, waombaji wanaleta ombi dogo kuliko kichwa cha barua. ERISA haimlazimishi mwajiri amuulize mfanyakazi kila baada ya miaka michache kama jina lile bado ni lile. Pelekeni Bungeni pendekezo kwamba aulizwe, na kwamba talaka iwe na nguvu ileile mliyoipa harusi. Kwa sasa familia inayodhulumiwa huachwa isubiri mfuko ulipe, kisha imkimbize mtalaka kwenye kesi nyingine, mlango ambao mahakama ya rufaa ya Philadelphia iliufungua mwaka 2012. Ukoo ulioachiwa kesi mbili badala ya kikao kimoja haujapunguziwa usumbufu.

Wenu katika ujazaji wa fomu,
Ukoo ulioachiwa karatasi.

Nakala kwa: Kila msomaji aliye na 401(k). Fomu yako iko ofisi ya rasilimali watu au kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Iombe wiki hii, soma jina lililoandikwa, na kama mwenye jina hayumo tena maishani mwako, jaza nyingine. Kila mfuko una fomu yake, kwa hiyo ukibadilisha moja, usidhani umebadilisha zote.