Kongole kwa Deni la Kodi ya Baba

Wapo waliosifu mvua, wapo waliosifu mama, na wapo wanaosifu timu yao ya mpira hata ikiwa mkiani mwa ligi. Bado sijamsikia mtu akilisifu deni la kodi lililomfika mzazi mzee bila hodi. Pengo hilo naliziba leo kwa moyo mkunjufu, maana kwetu deni la kodi ya pango la ardhi alilodaiwa Baba limefanya kazi iliyowashinda wajomba, wazee wa kanisa na vikao vyote vya Krismasi.

Nianze na upole wake. Deni la dukani humlazimisha mtu kupita njia ya nyuma. Kausha damu hutuma vijana waje kubeba televisheni. Deni la pango la ardhi halimsumbui mtu. Hujilalia zake mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi, huku likinenepa kwa asilimia 1 kila mwezi kama sheria inavyolielekeza. Kodi ya mwaka mmoja ya shilingi 30,000 ikiachwa ilale miaka 10 inaamka ikiwa imezaa riba ya 36,000, hata kama hukuhesabu riba juu ya riba, na hapo hujaigusa kodi ya miaka iliyofuata. Baba alipostaafu alihangaika kutafuta mahali pa kuweka hela zake pakazaa bila yeye kupasimamia. Kumbe mradi wa aina hiyo alikuwa nao muda wote, isipokuwa ulikuwa unazaa upande wa pili wa daftari.

Tena ni deni lenye heshima kwa wazee. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati hupewa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99, naye huilipia kodi kila mwaka kadiri ya ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Baba, aliyewafukuza wapangaji wengi katika maisha yake kwa kuchelewesha kodi, alilisoma jambo hilo mara mbili, akavua miwani. Kumbe naye ni mpangaji, na mwenye nyumba wake yuko Ikulu. Kwa kadiri ninavyomjua, nadhani kilichomuuma ni cheo kuliko fedha. Lakini tuliangalie na upande mwingine: mzee ametimiza miaka 76, madaktari wanampangia miadi ya miezi mitatu mitatu, watoto wanampangia mpaka Pasaka. Nani mwingine duniani anaingia naye mkataba wa miaka 99?

Kuna watakaouliza ilikuwaje mtu mzima asijue anadaiwa. Alijulishwa. Ujumbe uliingia kwenye simu yake, naye akaufuta, kama tulivyomfundisha. Miaka yote tumekuwa tukimkanya asijibu namba asizozijua, asimwamini anayeandika kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, asimpe mtu namba ya siri hata akijitambulisha kuwa anapiga kutoka makao makuu. Alielewa somo kupita walimu wake, akaiweka serikali kapu moja na matapeli. Ni pale ilani ya karatasi ilipoletwa nyumbani, yenye nembo na siku 14 zilizopigiwa mstari, ndipo alipoinua simu na kusema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, “Mwanangu, njoo.”

Naye mwana akaja. Hapo ndipo sifa za deni zinapoanza kuwa nzito.

Baba ana begi. Kila mzee wa rika lake analo: begi la ngozi bandia lenye kufuli ndogo, linalokaa juu ya kabati, na ambalo tangu utotoni tulijua kuwa kuligusa ni kosa kubwa kuliko kuvunja kioo cha dirisha. Hakuna mtoto aliyewahi kuliona ndani. Hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa kuwa kwetu mtoto anayemuuliza mzazi habari za hati na viwanja anaonekana kama anayepima jeneza. Deni liliuliza kwa niaba yetu. Likataka namba ya kiwanja, namba ya kitalu, jina kama lilivyo kwenye hati. Funguo zikatolewa kutoka kwenye soksi.

Humo tulikuta stakabadhi za kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa 2003, zimefungwa kwa uzi. Baba akasahau deni kwa muda, akatueleza jinsi mgambo walivyokuwa wakisimamisha watu njiani na asiye na karatasi ile akalala mahabusu, na jinsi babu yake alivyokuwa akisimulia kodi ya kibanda ya Wajerumani ya 1897, ambayo watu waliikwepa kwa kukimbilia porini mpaka mkusanyaji apite. Ukoo wetu una historia ndefu ya kuikimbia kodi, na sehemu kubwa ya historia hiyo nimeisikia siku hiyo hiyo, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na kikokotoo mkononi. Zamani, alisema Baba, ulijificha kodi isikuone. Siku hizi unakaa sebuleni kwako na inakufikia mfukoni.

Chini ya stakabadhi kulikuwa na barua ya toleo ya kiwanja cha Kibaha.

Nyumba tunayoijua haiko Kibaha. Mama, aliyekuwa mlangoni na ungo wa mchele, alisimama. Akauliza, kwa utulivu ambao watoto wote wa nyumba ile wanaujua na kuuogopa, “Baba fulani, Kibaha kuna nini?” Ikabainika kwamba kiwanja hicho alipewa akiwa kazini, miaka ya tisini, akakusudia kumshangaza mkewe siku moja, kisha akasahau kumshangaza. Sehemu kubwa ya lile deni ilikuwa ya hapo. Mshangao ulimfikia Mama baada ya miaka zaidi ya ishirini, pamoja na riba.

Jiulizeni mambo kama haya kwa kawaida hujulikana lini. Hujulikana baada ya arobaini, mwenye begi akiwa hawezi tena kuulizwa, watoto wamegawanyika kambi mbili, na mjomba mmoja ameibuka na karatasi isiyo na muhuri. Deni lilimkuta mwenye mali akiwa hai, akinywa chai, akiwa na uwezo wa kunyoosha kidole na kusema mpaka uko kwenye mwembe. Halikutaka pilau wala sare za kitenge. Halikuunda kamati wala kukodi mshereheshaji. Kundi letu la WhatsApp, ambalo kwa miezi lilikuwa likipitisha picha za maua zenye neno “Amina”, likageuka baraza la fedha kabla ya usiku wa manane. Kaka aliyekuwa hapatikani akapatikana. Alichanga kidogo, lakini aliandika kwa kirefu.

Kwenye ofisi ya ardhi nako, tulipokwenda kulipa, nilipata elimu. Kijana wa dirishani alimwamkia Baba, “Shikamoo mzee wangu,” akamvutia kiti, kisha akamtajia jumla ya deni kwa sauti ya upole kabisa. Akatoa kumbukumbu namba ya malipo, tarakimu 12 zinazoanzia na 99, akamwonyesha kwamba kabla ya kuingiza namba ya siri, simu hutaja anayelipwa ni nani, na kwamba malipo ya serikali hayatumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Baba alinigeukia na macho ya kunishitaki: hayo ndiyo niliyopaswa kumfundisha, badala ya kumfundisha kufuta. Tukaambiwa pia kwamba serikali imewahi kutangaza msamaha wa riba kwa wanaomaliza deni la msingi. Wakati msamaha ukitangazwa, sisi tulikuwa tukifuta jumbe. (Jirani yetu aliyelipa kila mwaka kwa wakati hakusamehewa chochote, na mpaka leo hajaombwa radhi.)

Deni moja likatufungulia jingine, safari hii la kwetu. Kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU, imewekewa msamaha kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Lakini msamaha huo haujui njia ya kwako. Ni lazima uuendee na vithibitisho vya umri na makazi. Baba alikuwa akinunua umeme na kushangaa uniti zinapungua wapi. Ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hela ya maandazi ya asubuhi mbili tatu, wala sitaki kuikuza. Ila mtu aliyekwenda kudaiwa akarudi na fomu ya kusamehewa anatembea tofauti. Nilimwona akiishika ile fomu kifuani kwenye daladala, akimwonyesha konda ambaye hakuuliza.

Wasiolipenda deni watasema lingeweza kuishia mbali: ukilipuuza, njia yake inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mbele ya safari kuna mnada. Ni kweli. Mimi sikusema ni deni la kuchezewa. Nimesema ni la kusifiwa, na anayetaka kulisifu vizuri na alisifu mapema, riba ikiwa bado changa.

Tulilipa. Stakabadhi ikaja kwa ujumbe wa simu, na Baba akakataa kuitambua mpaka ichapishwe na ipigwe muhuri. Kilichochapishwa kimo begini, juu ya stakabadhi za mgambo. Ufunguo sasa anao Mama. Kila simu ya Baba ikilia ujumbe, yeye ndiye wa kwanza kuuliza unatoka wapi, na haruhusu ufutwe kabla hajausoma. Anaamini, nami simbishii, kwamba Kibaha haikuwa peke yake.