Utandawazi Hausomwi Sokoni

Wako watu, Mola awahidi, wanaomlaumu kijana wetu kwa kuuza shamba la kahawa la marehemu babaye kule Mbozi apate karo ya kusomea uzamili wa sosholojia ya utandawazi huko London. Mimi namtetea: angalijifunza nini hapa sokoni Mwanjelwa, penye mama muuza mitumba afunguaye robota la Uingereza alfajiri, akajua kwa kupapasa tu koti lipi litavushwa Tunduma kwenda Zambia na lipi litamwozea, ilhali hana hata tanbihi moja? Hiyo si ilimu, ni riziki tu. Inshallah kijana atarejea na tasnifu yake kumhusu mama huyo, kwa Kiingereza fasaha, amevaa koti alilolinunua kule kwa bei ya dukani.