Sauti ya Babu, Sura ya Baba Mdogo

Ukoo wetu una mamia ya picha za harusi za watu tusiowakumbuka, na picha moja tu ya ujana wa Babu. Yenyewe ni paspoti saizi, nyeusi na nyeupe, ilibanduliwa kwenye kitambulisho fulani, na nusu ya mhuri wa bluu imebaki shavuni mwake. Jubilei ya ndoa ya Babu na Bibi ilipokaribia, hapa Misunkumilo, Mpanda, kikao cha familia kilipitisha kwamba Babu arekodiwe akisimulia maisha yake, na picha zichomekwe humo humo ili watu wasichoke kutazama uso mmoja. Hilo la kuchoka alilisema Shangazi. Babu alikuwepo.

Kazi akapewa mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye simu yenye programu ya kuunganishia video. Kurekodi kulikwenda salama. Babu alikaa chini ya mwembe akaongea zaidi ya nusu saa: alivyopanda treni Tabora, akapitia Kaliua, akaja na tawi lile la kilomita 210 ambalo Waingereza walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Huwa anasema mji huu aliuchagua. Ukweli ni kwamba reli iliishia hapa.

Toleo la kwanza tulilitazama sebuleni, flashi ikiwa nyuma ya TV. Babu wa kwenye skrini akasema: "Nilipomwona bibi yenu mara ya kwanza alikuwa stesheni, amekalia gunia la karanga. Nikasema moyoni..." Ikaingia picha ya Bibi, kimya kabisa, sekunde tatu. Kisha Babu akarudi: "...nusu imeoza, sinunui."

Bibi hakusema kitu. Aliweka kikombe cha chai chini taratibu, na Bibi akiweka kikombe chini taratibu, wanaume wa nyumba hii hukumbuka kwamba mbuzi hawajafungwa.

Maelezo ya kifundi yalikuwepo, ingawa hakuna aliyeyataka wakati ule. Kwenye programu hizi video hulala kwenye mstari mmoja mrefu, ikiwa na sauti yake. Ukichomeka picha ya mnato katikati ya mstari unaupasua: msimulizi ananyamaza, picha inamaliza sekunde zake kwa ububu, ndipo anaendelea. Mpwa aliona filamu imerefuka, akafidia kwa kukata sekunde kadhaa mbele yake bila kusikiliza zilikuwa na nini. Zilikuwa na uchumba wote. Dawa ni kuiweka picha kwenye safu ya juu, ipite juu ya video; sauti huku chini haiguswi, kinachofunikwa ni uso tu. Watu wa televisheni hufanya hivyo kila siku. Tena kuna faida ya ziada: unakata kikohozi, halafu unapitisha picha juu ya kovu, na mtazamaji hajui. Babu anakohoa sana. Tukahitaji picha nyingi.

Hapo Shangazi akapata nafasi aliyoingoja maisha yake yote. Akamimina za kwake kwa WhatsApp: za kipaimara, za mahafali ya wanawe, moja ya sufuria la pilau peke yake. Nyingi zilikuwa picha za picha. Alikuwa amezipiga kwa simu zikiwa ndani ya albamu, nailoni juu, kwa hiyo kila bibi harusi ana mwako wa balbu kwenye paji la uso, na pembeni kimesimama kidole gumba cha Shangazi chenye kucha nyekundu. Zilizokosekana mpwa akazitafuta intaneti. Babu anasimulia safari yake ya miaka ya sitini, na juu ya sauti yake inapita treni ya umeme ya SGR, ile iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Babu aliitazama mpaka ikaisha. "Yetu ilikuwa na vumbi zaidi," akasema.

Paspoti nayo ilikuwa na lake. Ni nyembamba, TV ni pana, na programu hujaza pengo kwa kutandaza nakala ya picha hiyo hiyo, imekuzwa na kufifishwa, nyuma ya ile halisi. Bibi akauliza yule jitu mwenye mhuri anayechungulia mgongoni mwa mumewe ni nani.

Kisha kuna hili la picha kusogea yenyewe polepole, ikivutwa karibu. Ni ufundi wa zamani. Wakanada waliutumia mwaka 1957 kwenye City of Gold, filamu iliyojengwa kwa picha za kale za mji wa wachimba dhahabu, na Mmarekani Ken Burns akaupa umaarufu kwa The Civil War ya 1990, hata Apple wakauita kwa jina lake. Tofauti ni kwamba Burns huchagua mwenyewe jicho liishie wapi. Simu ya mpwa huamua kivyake. Kwenye picha ya ukoo mzima ilianza na watu wote, ikasogea kwa heshima zote, ikatua kwenye kreti la bia.

Toleo la pili sauti haikukatika hata mara moja, na hapo ndipo balaa lilipokuja. Picha haina maneno yake. Huvaa yale yanayopita chini yake. Wenyewe tumelelewa hivyo kwenye vibanda vya video, Lufufu akituingizia Kiswahili juu ya filamu za watu, na Kenya DJ Afro naye: mwigizaji anafungua kinywa, wao ndio wanaoamua kasema nini. Mwigizaji wa Hong Kong hana kwa kwenda kulalamika. Baba Mdogo alikuwa amekaa kochi la mbele.

Babu alikuwa amefika kwenye habari za mtu mmoja wa zamani hapa mjini, akikopa halipi, akikuona anapenya uchochoroni. Pale ilipangwa picha ya mtaa. Lakini mpwa alikuwa amekata kikohozi kimoja dakika za mwisho, video ikasogea, picha za safu ya juu zikabaki zilipo. Akatokea Baba Mdogo, ndani ya suti ya kijivu, anatabasamu, anavutwa karibu polepole mpaka yakabaki meno.

"Nani kaniweka hapo?" akasimama.

"Kaa," mkewe akamwambia, "bado inasogea."

Babu aliapa kwamba aliyemsema alishafariki siku nyingi. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza, "Ila mwanangu, ile baiskeli yangu..."

Toleo la tatu linapikwa sasa, na Bibi ametangaza kwamba ya karanga atayasimulia yeye. Picha atachagua mwenyewe: anataka ile yenye mhuri, safu ya juu, mwanzo mpaka mwisho. Babu amemwita mpwa pembeni kumuuliza kama haiwezekani kuweka treni.