Haki Huanzia Tumboni

Sheria haitofautishi mfungwa wa asubuhi na wa adhuhuri; kazi hiyo nyeti imeachiwa tumbo. Nchini Israeli, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha majaji wakikubali takriban asilimia 65 ya maombi ya parole (kuachiwa kwa masharti) mwanzoni mwa kikao, kisha karibu sifuri, hadi chakula kiliporejesha rehema. Wapo wanaodai ni mpangilio wa mashauri tu. Hawajui thamani ya mkate. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, utafiti mwingine ulionyesha kuwa timu ya chuo ilipofungwa bila kutarajiwa, watoto wakosaji waliongezewa adhabu, malezi bora ya kimichezo. Ujerumani, katika jaribio, wanasheria walirushishwa dadu zilizochezewa: waliopata 9 walitoa adhabu ya wastani wa miezi 8, waliopata 3 miezi 5. Dadu, tofauti na wakili, hazidai ada.