Kiporo cha Wapenda Uhuru

Waungwana wa FreeBSD, mfumo endeshi ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mwenye macho, walikuwa na kompaila ya GCC, nayo huru vilevile. Mwaka 2007 GCC ikahamia leseni ya GPL toleo la 3, yenye masharti makali zaidi ya kuulinda uhuru. Wapenda uhuru wakaukimbia uhuru huo kama paka aliyeona maji. Wakang'ang'ania GCC 4.2.1, ya mwisho chini ya leseni ya zamani, na kiporo hicho kikapashwa moto hadi Januari 2014, toleo la 10 la FreeBSD lilipoikabidhi Clang, kompaila nyingine, jiko kwenye mashine zilizo nyingi. GCC mpya haikupigwa marufuku, la. Ilikaa kwenye programu za ziada, kama mgeni anayelishwa barazani.

Mtu atasema kampuni zinazouza vifaa vilivyojengwa juu ya FreeBSD haziyataki masharti hayo. Kweli kabisa, na hiyo ni sababu halali ya kibiashara. Basi isivishwe kanzu ya ufundi. Mwingine atasema Clang hueleza makosa kwa lugha inayoeleweka. Nalo kweli, ila iliyoshindanishwa nayo humo ndani ilikuwa GCC ya 2007: babu aliyefungwa miguu akishindwa mbio na kijana, tunampa kijana kikombe? Babu aliondolewa mwaka 2020, na mashine za aina ya sparc64 zilizokuwa zikimtegemea zikaonyeshwa mlango. Shughuli yote ikaitwa usafi wa nyumba.