Glasi ya Mguu Mmoja Mkekani

Binamu yangu ni mhudumu katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Msimu wa korosho uliopita alishuka kijijini kwetu Ziwani na boksi alilolipakata safari nzima, asimwachie hata kondakta. Ndani mlikuwa na glasi za waini za kila umbo: zenye tumbo kubwa kwa waini nyekundu, zenye tumbo dogo kwa nyeupe, na nyembamba ndefu kwa ile yenye mapovu. Chupa mbili za waini ya Dodoma zilikuja nazo. Nyumba nzima ilikuwa na vikombe vya plastiki, glasi za chai ambazo hakuna iliyofanana na mwenzake, na kifuu cha mjomba.

Shida ya kwanza ilikuwa kuzisimamisha. Glasi yenye mguu mrefu imebuniwa na watu wenye meza. Sisi jioni tunakaa uani, mkekani, na chini ya mkeka ni mchanga. Ukiiweka hapo, inainama kwanza kama mkwe anayesalimia wazee, halafu inalala moja kwa moja. Nyekundu ya kwanza ilinywewa na mkeka mpya wa shangazi.

"Hicho kiguu kina kazi gani?" shangazi akauliza, akipangusa kwa pindo la kanga.

"Ni cha kushikia, shangazi. Waini nyeupe inanywewa kwenye nyuzi 8 hadi 12. Ukishika tumboni, joto la mkono linaiharibu."

Shangazi akaangalia juu. Lilikuwa jua la Novemba, lile la kabla ya mvua, na hata kuku walikuwa wamehamia chini ya mkorosho wakihema.

"La mkono tu?"

Binamu akahamia kwenye nyekundu, ambayo alisema haina masharti, hunywewa kwenye joto la chumba. Hapo lazima nimkatize. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, chenye kuta za mawe, na joto lake ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba changu mimi kina bati juu. Waini iliyokaa humo mchana kutwa inafaa kukandia mguu ulioteguka.

Kilichompendeza mjomba ni habari ya ulimi. Binamu alifundishwa kwamba mdomo wa glasi hupangwa ili waini iangukie mahali pake: ncha ya ulimi husikia utamu, pembeni uchachu, nyuma uchungu. Mjomba ni mgema, na minazi imemwachia meno machache ya mbele kuliko aliyoota.

"Na mimi, mjomba, ikipita hapa penye uwazi inaangukia wapi?"

Binamu akacheka, lakini swali lilikuwa na nguvu kuliko jibu. Habari hiyo ya ulimi ilitokana na utafiti wa Mjerumani Hänig wa mwaka 1901, ambao waliokuja baadaye waliusoma vibaya. Ulimi wote husikia ladha zote, tofauti ni ndogo mno. Hata hivyo, Claus Riedel wa Austria alipotoa mwaka 1973 mkusanyo wake wa glasi, kila aina ya waini na glasi yake, maelezo hayo ya ulimi yalikuja kusaidia sana kuziuza. Penye ukweli ni puani. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo walipiga picha mvuke wa kileo ukitoka kwenye waini ya nyuzi 13, wakaona kwamba katika glasi ya waini mvuke hujikusanya ukingoni na kuacha katikati pametulia, mahali pa pua kunusia harufu ya zabibu bila kuchomwa. Katika glasi iliyonyooka, duara hilo halikuonekana. Kwa hiyo binamu hakuwa mwongo. Alikosea kiungo tu.

Waini ilipokwisha, na haikuchelewa, mjomba akashusha dumu lake. Binamu akapima kwa macho, akaona mapovu, akachagua zile nyembamba ndefu. Kitaalamu alikuwa sahihi, maana umbo lile hubana mapovu yaishe polepole. Lakini tembo la mnazi halijui polepole. Linaanza kuchachuka lingali kibuyuni juu ya mti. Asubuhi ni tamu, jioni kali, kesho yake siki. Lililomiminwa lilipanda lote kwa pamoja, likamwagikia mkono wa shati jeupe la kazini. Halafu kuna nyuki. Kwenye kifuu nyuki aliyezama unampulizia pembeni, unakunywa upande wa pili. Glasi nyembamba haina upande wa pili, na nyuki anakuja nawe mpaka mdomoni.

Ikabidi turudi kwenye glasi zenye tumbo. Binamu akamimina hadi theluthi, akasimama. Mzee wa jirani akasubiri. Akasubiri tena.

"Mwanangu, unanipimia dawa?"

"Ndivyo inavyomiminwa, mzee. Juu tunaacha nafasi ya harufu."

Mzee alinung'unika, lakini mjomba alinyamaza, na mjomba akinyamaza ujue anapiga hesabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hakuna aliyemsifu, lakini alikuwa amepata cha kutia ambacho hakichotwi hata kisimani. Kesho yake jioni wateja walipokelewa kwa glasi za tumbo kubwa, theluthi moja, bei ya kikombe kizima. Mwenye kuuliza aliambiwa anuse kwanza.

Biashara hiyo ilidumu mpaka mzee wa jirani alipotokea na kikombe chake cha bati cha nusu lita, akakikita mbele ya dumu.

"Harufu nimeshanusa jana," akasema. "Leo nimekuja kunywa."